Kwa nini ndege ya muzee ililala kiwanjani

Kamati ilimuomba fundi wetu wa ndege aeleze mbele ya mkutano mkuu habari ya ile ndege iliyokwama, kwa sababu wanachama wengi wameiulizia na wafadhili pia wameandika. Tunachapa maneno yake karibu yote kama alivyoyasema. Tumepunguza kidogo tu pale alipokuwa anaonyesha vitu kwa mkono.

Muheshimiwa prezida wa chama, wazee, wamama, vijana, na ninyi wageni mnaotusaidia kutoka mbali: shikamooni. Wengine mnacheka. Nyarugusu ilitufundisha shikamoo, na mimi sikuiacha kule Kigoma wakati tulipanda meli kurudi Baraka.

Nianze na deni langu. Nilipokwenda Soroti, Uganda, kusoma ufundi wa ndege, sehemu kubwa ya pesa ya mwaka wa kwanza ilitoka katika mchango wa chama hiki. Kuna mama ameketi hapa ambaye aliuza bidoni mbili za mawese akaleta pesa yote. Kwa hiyo mkiniuliza, muko na haki ya kuuliza, na mimi sina haki ya kukasirika.

Najua neno linalozunguka. Linasema hivi: “Tulimsomesha fundi, na siku muzee wetu alivunjika mguu, huyo fundi wetu ndiye alizuia ndege.” Ni kweli. Nilizuia mimi. Na mwisho wa yote moteri ilikutwa nzima. Muzee mwenyewe yuko pale, safu ya pili, na fimbo yake. Alilala usiku mbili katika kibanda cha kiwanja, mguu umefungwa kwa vibao, dawa ya maumivu imekwisha usiku wa pili. Nilikwenda kwake juzi kuomba ruhusa nisimulie. Alisema, “Sema yote, hata ile sehemu yako.” Nitafika kwenye sehemu yangu.

Kwanza mujue ile ndege ni ya namna gani. Ni Cessna 206, moteri moja mbele, silinda 6, viti 6. Tukitoa viti vya nyuma mgonjwa analala. Kama moteri inazimika, hakuna ya pili. Na kutoka huku kwetu mpaka Kavumu, uwanja wa Bukavu, chini kuna milima ya Itombwe. Ninyi mnaijua Itombwe kwa miguu. Mimi naiangalia kwa dirisha, na kila mara natafuta mahali ambapo piloti angeweza kutua bila moteri. Kwa sehemu ndefu ya njia sipaoni.

Sasa hiki kidude ninapitisha. Mukishike, kianze na wazee. Kiko kama kidole gumba, cha chuma, upande mmoja uzi wa skurubu, upande mwingine nyaya tatu. Sisi mafundi tunakiita kapteri. Kazi yake ni kuhisi presha na kuigeuza kuwa umeme, umeme unakwenda kwenye kioo mbele ya piloti, piloti anasoma namba. Ile ndege iko na mbili za namna hiyo: moja ya mafuta ya moteri, ile oili ya kulainisha vyuma, na moja ya esansi. Zamani Cessna nyingi zilikuwa na bomba jembamba lililoleta mafuta yenyewe kutoka kwenye moteri mpaka nyuma ya geji. Hakukuwa na umeme hapo. Mwenye ndege alipoweka kioo cha kisasa, geji ile ya zamani ilitolewa. Kioo ni kizuri sana, sikisemi vibaya. Lakini toka siku ile, kujua presha ya mafuta kunategemea hiki kidude peke yake.

Presha ya mafuta si jambo dogo. Wamama mnaopimwa presha hospitalini mnaelewa: ikishuka mno, mutu anaanguka. Moteri hii ikiwa na moto wa kawaida, mafuta yanatakiwa kuwa kati ya PSI 30 na 60. Ikitembea taratibu chini, inaweza kufika 10 lakini isipite hapo. Mafuta yakikosa presha, vyuma vinasagana, na katika dakika chache moteri imekwisha.

Siku ile tulikuja kumchukua muzee. Tulipoanza kushuka, piloti alinigusa bega. Namba ya mafuta ilikuwa 45 njia yote, sasa ilikuwa 38. Kisha 30. Tulipogusa udongo ilikuwa 21. Na ile ya esansi nayo ilikuwa inashuka pamoja nayo, kama watu wawili wanaotelemka ngazi wameshikana mikono. Tukazima moteri. Watu walikuwa wamejaa pembeni, muzee kwenye machela, watoto wake wanalia kwa furaha kwamba ndege imefika.

Nilifungua boneti. Kijiti cha kupimia kilionyesha mafuta yapo, hayakupungua. Hakuna kitu kilichovuja. Piloti, ambaye ni mutu mzuri na mjuzi kuliko mimi kwa mambo mengi, aliniambia maneno ya akili kabisa. Alisema: moto wa mafuta haukupanda hata kidogo, kama presha ingekuwa imeshuka kweli, mafuta yangechemka. Alisema tena: pangaboi haikubadilisha mlio. Hapo nieleze. Pangaboi ya ndege hii inageuza mabawa yake kwa presha ya mafuta hayo hayo ya moteri. Presha ikipotea, mabawa yanalala kwenye pembe ndogo na mzunguko unapanda wenyewe, unasikia moteri inalia. Haikulia. Na neno lake la tatu lilikuwa: “Mafuta na esansi havijuani. Haviwezi kuugua saa moja. Kinachowaunganisha ni waya. Ni kapteri tu, fundi, twende.”

Nilichukua kipimo cha umeme. Hizi kapteri zote mbili zinakula kutoka kwenye waya mmoja wa volti 5. Zinarudisha volti kidogo kidogo kufuatana na presha: hii ya mafuta, bila presha inarudisha nusu volti, presha ya 150, inarudisha volti 4 na nusu. Kwenye ule waya nilikuta volti 3 na kitu kidogo. Nikachomoa plagi ya kapteri ya mafuta. Hapo hapo waya ukarudi volti 5, na tulipowasha pompi ya umeme namba ya esansi ikapanda vizuri. Kwa hiyo kapteri ya mafuta ilikuwa imeungua ndani, inavuta umeme kuliko haki yake, inamnyima mwenzake. Hata hesabu ilikubali: presha ya 45, ukiipunguzia umeme kutoka 5 mpaka 3 na kitu, kioo kitasoma 21 hivi. Piloti alikuwa na haki. Alipiga makofi. “Umeona?”

Ndugu zangu, hapa ndipo watu wengi mananilaumu, na hapa ndipo nataka munisikilize polepole.

Nilikuwa nimejua kwamba kapteri inadanganya. Sikuwa nimejua presha ya mafuta ni ngapi. Hayo ni mambo mawili. Mkiwa kwenye baraza ya kijiji, shahidi akikamatwa kwa uongo, hamjui bado ng’ombe aliibiwa au hakuibiwa. Mnajua tu kwamba huyu shahidi hafai. Moto wa mafuta na pangaboi walikuwa mashahidi wengine, ndiyo, na walisema vizuri. Lakini hao wanasema mambo yakishaharibika. Niliona kwa macho yangu, wakati nilikuwa bado napanguza ndege, kabla ya Soroti: moteri ilikuwa inasoma presha ndogo, wakabadilisha kapteri, ikasoma ndogo, wakabadilisha tena, wakalaani kapteri za siku hizi. Mwisho fundi mmoja mzee akafungua valvu inayopunguza presha, akakuta kipande cha masizi, kidogo kama mbegu ya ufuta, kimekaa kwenye kiti cha valvu, valvu haifungi. Kapteri zote zilikuwa zinasema ukweli. Hakuna aliyezisikiliza, juu ya kila mutu alitaka iwe kapteri. Kubadilisha kapteri ni kazi ya saa moja. Kufungua moteri ni kazi ya majuma.

Na kama nimechomoa plagi, ndege inaruka bila namba yoyote ya mafuta. Geji ya presha ya mafuta iko kwenye vitu ambavyo ndege lazima iwe navyo ili iruke. Hata kama sheria isingekuwepo: saa moja hewani juu ya Itombwe, muzee amefungwa kwenye sakafu, na sisi hatuoni. Nilisema hapana. Piloti alikasirika, kisha akaketi chini ya bawa, kisha akasema, “Basi leta geji ya mkono, tupime sasa hivi, tumalize.”

Hii sasa ndiyo sehemu yangu.

Geji ya mkono ni geji ya kawaida, haina umeme, iko na bomba. Unatoa kapteri, unafunga bomba mahali pake, unawasha moteri, unasoma. Kitu hicho pamoja na kapteri moja ya akiba havifiki kilo mbili. Vilikuwa vyangu, vilikuwa daima katika sanduku langu ndani ya ndege. Wiki moja kabla, tulikuwa tunapakia kartoni za dawa, tulipita uzito kidogo, na mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilitoa lile sanduku dogo nikaliacha kwenye duka letu la vifaa Kavumu. Nilisema nitalirudisha kesho. Sikulirudisha. Hakuna mutu aliniagiza. Kampuni haikuniagiza, piloti hakujua.

Kama vingekuwa ndani ya ndege, muzee angeondoka siku ile ile kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo wale wanaosema fundi alichelewesha, wana haki, lakini si kwa ile sababu wanayoisema. Kosa halikuwa kusema hapana. Kosa lilifanyika wiki moja kabla, Kavumu, wakati hakuna aliyekuwa anaangalia.

Ndege ya pili ya kampuni ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo. Sanduku likaletwa kwa gari mpaka Uvira, kutoka Uvira kwa pikipiki. Mnaijua barabara ile wakati wa mvua. Usiku mbili. Nililala mlangoni pa kibanda cha muzee. Hakunisemesha usiku wa kwanza. Usiku wa pili aliniuliza kama nilikuwa nimekula.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifanya kazi hivi, nieleze kidogo kwa vijana wanaotaka kusoma, na kwa wafadhili waliouliza pesa ya kapteri inakwenda wapi.

Unachomoa betri. Unafunga esansi. Unashika kiungio kwa ufunguo mmoja na kugeuza kapteri kwa ufunguo wa pili. Ukitumia mmoja tu unapinda kiungio kwenye moteri na umeleta ugonjwa mpya. Nilifunga geji ya mkono kwanza, kabla ya kapteri mpya. Tukarudisha betri, tukawasha. Kwa moteri hii presha lazima ionekane ndani ya sekunde 30, la sivyo unazima. Ilionekana haraka. Ilipopata moto na piloti akaongeza mzunguko, sindano ikasimama 47. Hapo ndipo nilijua. Piloti hakusema kitu, alininyooshea tu kidole gumba, na mimi nikajisikia mdogo, kwa sababu tangu siku ya kwanza alikuwa amesema hivyo.

Kisha kapteri mpya. Uzi wa skurubu unapakwa gundi maalumu kidogo, si ile tepi nyeupe ya mabomba ya maji. Tepi inakatika vipande vinaingia ndani. Tena kuna kapteri za zamani ambazo umeme wake unarudi kwa kupitia mwili wa chuma. Ukizizungushia tepi umekata njia ya umeme, na zinasoma ujinga. Hilo mimi nalijua kwa aibu: mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha kapteri tatu za namna hiyo kabla ya kugundua kwamba mgonjwa alikuwa tepi yangu.

Ya esansi niliibadilisha pia. Ilikuwa imeonewa na mwenzake, lakini nilipoipima peke yake, moteri imezimwa na presha yote imetolewa, haikurudi sifuri. Ilibaki juu kidogo. Huyo naye alikuwa na ugonjwa wake wa siri. Na ya esansi inadanganya vibaya zaidi, maana katika moteri hii piloti anakadiria esansi inayokwenda kwa kusoma presha. Mujue ajabu moja: tundu moja la kupuliza esansi likiziba, presha inapanda, na geji inaonyesha esansi nyingi kumbe silinda moja ina njaa. Kapteri inasema kweli, presha kweli imepanda, ni sisi tunaoelewa vibaya. Ndiyo maana sitaki kapteri inayoongeza uongo wake juu ya hapo. Hii ya esansi, baada ya kufunga, unawasha pompi ya umeme bila kuwasha moteri, unaangalia kila kiungio kwa tochi, mutu amesimama karibu na kizima moto. Tone moja tu, unazima na kuanza upya.

Kioo kilisoma 46, geji ya mkono 47. Nikaiondoa, nikafunga vizuri, nikaandika kwenye kitabu cha ndege namba za kapteri zote, za zamani na mpya, nikatia sahihi. Muzee alipandishwa saa 3 asubuhi.

Tulipofika Kavumu tulifanya kazi nyingine ambayo ilitakiwa kufanywa mapema. Kapteri zilikuwa zimefungwa juu ya moteri yenyewe, zinatikisika na kuchomwa usiku na mchana. Tukazihamisha kwenye ukuta wa chuma nyuma ya moteri, kwa kufuata mchoro wa watengenezaji, na mabomba ya mpira yaliyovikwa soksi ya kuzuia moto. Kwenye moteri tuliweka kiungio chenye tundu la milimita moja hivi. Presha inapita humo bila shida, lakini bomba likikatika mafuta yanatoka polepole, piloti ana muda wa kutafuta kiwanja.

Mfadhili mmoja ameuliza kwa nini kapteri ya ndege ni ghali wakati ya gari inafanana nayo sokoni Uvira. Inafanana, ndiyo, na nyingine hata uzi unaingia. Lakini ya gari inahesabu kwa vipimo vyake, kioo cha ndege kitasoma namba isiyo yake. Halafu ya ndege inakuja na karatasi inayosema ilitoka wapi na nani aliipima. Bila karatasi ile siwezi kutia sahihi, na nikitia, mimi si fundi tena.

Kuhusu mguu. Madaktari waliufunga, umepona, ila ni mfupi kwa vidole viwili. Nilimuuliza daktari kama ni juu ya zile siku mbili. Alisema mfupa ulivunjika vibaya tangu mwanzo, na kuchelewa hakukusaidia. Nawaletea jibu kama lilivyo. Muzee nimemwambia hivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni la kuamua leo, kamati imeliweka kwenye ratiba. Naomba sanduku moja likae kiwanjani kwetu, si Kavumu. Ndani: geji ya mkono na bomba lake, viungio vya saizi mbili, kipimo cha umeme, gundi ile, tochi, na kizima moto, maana kiwanja chetu hakina hata kimoja. Kapteri za akiba zenyewe mwenye ndege amekubali kuzinunua na kuzisafirisha ndani ya ndege, na sasa hazitoki kwa sababu ya kartoni yoyote. Nimeziandika kwenye karatasi ya uzito kama sehemu ya ndege. Vingine chama kinaweza kununua, bei nimempa mwekahazina. Kama chama kitaona pesa hiyo ni afadhali ianze kuwasomesha wale vijana wawili walioomba, sitabisha, kwa maana mimi mwenyewe nilipita mlango huo.

Ila kama sanduku litakubaliwa, ufunguo usikae kwangu. Mimi niko Kavumu siku nyingi. Napendekeza mlinzi wa kiwanja awe na mmoja, na wa pili akae na muzee, kwa sababu nyumba yake iko karibu, na kwa sababu yeye atauliza kila mwezi kama vitu bado vipo ndani.

Kapteri imefika wapi? Naiona kwa vijana nyuma. Ileteni mbele, na swali la kwanza liulizwe.